Alama ya Chaki Ambayo Sikuipiga

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, na nilikuwa na sketi kumi na mbili za kukata. Nikatandaza kitambaa mezani, buluu ile iliyokoza ya sare, nikaona alama nyeupe ya chaki imepinda kama kwapa la blauzi, mahali ambapo sketi haina kazi na kwapa. Nikajisuta: uchovu huu sasa umezidi, hapa nakata nguo gani? Nikaipangusa kwa kiganja kama ninavyopangusa chaki zangu zote. Haikuruka vumbi. Ilikuwa imekaukia ndani ya nyuzi, ngumu kidogo, na nilipopeleka kidole puani nikajua aliyeipiga si mimi.

Aliyeipiga alikuwa chini ya cherehani, miguu ameikunjia tumboni, pua inacheza, ananitazama kwa jicho moja kama mteja anayesubiri chenji.

Anaitwa Kifungo, sungura wetu. Binti yangu aliye gredi ya nne ndiye aliyempa jina, kwa sababu ni mweupe mwili mzima isipokuwa doa moja jeusi la mviringo mgongoni, kama kifungo kilichoshonwa kwenye koti lisilo lake. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja asiyeishiwa na maneno, alipomwona tu akauliza: "Na huyu Kifungo amepewa kifungo cha miaka mingapi?" Siku hiyo nilicheka. Wiki mbili baadaye, nikiwa nimepiga magoti nanusa zulia, kicheko kilikuwa kimeniisha.

Kila nikitaja kwamba tunaishi na sungura ndani ya nyumba, ghorofa ya tatu, hapa mtaa wa Free Area, Nakuru, swali la kwanza ni lilelile: na choo je? Ana choo chake na anakitumia. Lakini tulivyofika hapo si vile nilivyodhani tungefika, na njiani nilipoteza mita tatu za kitambaa, chupa za siki nisizozihesabu, na heshima kidogo mbele ya mtoto.

Baba yangu hufuga sungura nyumbani kwake, kule Bahati, nje ya mji. Alianza miaka ile ya 2010 na kitu, wakati kufuga sungura kulikuwa ndiyo habari ya mjini, kila mtu anajenga vibanda na kupiga hesabu za utajiri. Wengi soko liliwapiga chenga, wakawala sungura wao wakarudi kwenye kuku. Baba hakuacha, kwa sababu aligundua mapema kwamba nyama ni ziada tu, mali yenyewe iko kwenye mkojo. Vibanda vyake vina sakafu ya waya. Chini ya waya kuna bati lililoinama, mkojo unateremka hadi kwenye mtungi, na wakulima wa nyanya na sukuma wiki wanakuja kuununua, wanauzimua kwa maji na kunyunyizia mimea, uwe mbolea na uwafukuze wadudu kwa mkupuo mmoja. Ukienda kumtembelea, harufu inakupokea kabla ya mbwa.

Kwa hiyo sungura wa baba hajawahi kuulizwa anapenda kujisaidia wapi. Anajisaidia alipo, waya unameza, maisha yanaendelea.

Likizo ya Aprili binti yangu alimng'ang'ania guka wake, yaani babu, ampe mmoja, yule mdogo kuliko wote katika uzao wa wanane, aliyekuwa na wiki nane tu tangu azaliwe. Baba akamtoa kibandani kwa kumshika masikio. Hapo nilimwambia, kwa heshima, kwamba masikio ya sungura si mpini, na kwamba sungura aliyening'inia akirusha teke anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mshike chini ya kifua na chini ya makalio, umwegemeze kwako. Akanisikiliza kama wazee wanavyosikiliza. Kisha akamtia kwenye katoni ya unga iliyotobolewa matundu, akanipa ushauri wake wote kwa pumzi moja: "Sungura hafundishwi. Sungura hufungiwa."

Kwenye matatu makanga aligonga katoni kwa kidole, akauliza kama ndani kuna kuku. Nikamwambia ni sungura. Akasema afadhali, kuku angechangia mazungumzo.

Mimi nimelelewa na paka. Paka unamwekea mchanga, anachimba, anafukia, kesi imekwisha. Nikadhani na huyu ni hivyo hivyo. Nikanunua mfuko wa mchanga wa paka kwa karibu shilingi elfu moja, nikaujaza kwenye sinia pana, nikaliweka bafuni, mahali nilipotaka mimi. Kifungo akaja, akanusa, akaonja. Ndiyo, akaonja. Bahati nzuri binti yangu alikuwa karibu akamwondoa. Baadaye nikajifunza kwamba mchanga ule unaoganda ukilowa ni hatari kwa sungura: akiula, unaweza kuvimba na kugandia tumboni, na sungura hana uwezo wa kutapika. Kikiingia kinachoziba, kurudi hakirudi. Mfuko nikamgawia mtu mwenye paka.

Tukamwachilia kwenye chumba cha kushonea, tukisubiri ajifunze. Ajifunze nini, na kwa nani, hilo sikulifikiria.

Kinyesi chake hakikunisumbua. Ni vigololi vikavu vya nyasi iliyosagwa, havina harufu ya kutajika, unavifagia kama vipande vya uzi. Ni vingi tu. Sungura mzima hutoa 200 hadi 300 kwa siku, na binti yangu, ambaye hakubali kitu mpaka akihesabu, Jumamosi moja alifikisha 170 akachoka kabla ya chai ya saa kumi. Mkojo ndio uliokuwa kesi. Ni mwingi kuliko umbo la mwenyewe, una harufu inayopanda hadi machoni, na ukikauka unaacha ule unga mweupe. Unga wenyewe ni kalsiamu. Wanyama wengi huchukua kwenye chakula kiasi cha kalsiamu wanachohitaji, inayobaki inatoka na kinyesi. Sungura hunyonya karibu yote, halafu figo ndizo zinazotoa ziada kupitia mkojo. Kwa hiyo sikuwa nimekosea sana kuiita chaki.

Na alipenda kukojoa kwenye vitu laini. Sungura wengi ndivyo walivyo. Godoro, blanketi, kiti cha sponji, kila kinachonywa maji haraka na kisichomrushia matone miguuni. Sasa fikiria chumba cha fundi wa nguo. Pembeni kuna lundo la vipande: popolini, gabadini, kitenge, sponji za mabegani. Kwa sungura mdogo aliyelala miezi miwili juu ya waya, nadhani alidhani amekufa akaingia peponi.

Hapa kuna jambo ambalo sipendi kuliandika. Siku ile ya alama ya chaki nilimshika, nikamsogeza pua yake hadi kwenye kitambaa, nikamgombeza. Ndivyo nilivyoona watu wakifanya kwa mbwa. Kifungo alijikakamua mikononi mwangu, moyo wake ukawa unadunda mpaka nausikia kwenye vidole, na nilipomwachia akakimbilia nyuma ya ubao wa kupigia pasi. Hakutoka. Akapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, pa, pa, ile ishara wanayopeana porini adui akionekana. Adui nilikuwa mimi. Alikojoa huko huko alikojificha, hakugusa nyasi hadi usiku, na kwa siku tatu nikiingia tu anajibanza ukutani. Hakuelewa hata kidogo kwamba nazungumzia choo. Alichoelewa ni kwamba mikono yangu haiaminiki.

Binti yangu alinitazama, hakusema kitu. Mtoto asiposema kitu unajua umeharibu.

Kesho yake akachukua daftari la hesabu, lile la miraba, akachora chumba chote: mlango, dirisha, meza, cherehani, ubao wa pasi, lundo la vipande. Nikadhani anacheza. Kumbe kila akikuta mkojo anaweka msalaba mwekundu, na kila akikuta vigololi anaweka nukta ya penseli. Siku ya tano akaniletea nikiwa kwenye mashine. Nukta zilikuwa zimetapakaa kama mvua. Misalaba ilikuwa sehemu mbili tu: kwenye lundo la vipande, na kwenye kona ya nyuma ya ubao wa pasi, ile ile aliyokimbilia kunikwepa.

"Mama," akasema, "ana vyoo viwili. Sisi ndio hatujui viko wapi."

Nimekaa katika chumba hicho miaka sita. Nilikuwa naamini yule mnyama anakojoa ovyo, kumbe ana mpango kuliko mimi ninavyopanga vitambaa. Na hapo ndipo nilipoona kwamba baba alikuwa amekosea, na mimi pia nilikuwa nimekosea, kila mmoja kwa upande wake. Yeye alisema hafundishwi, mimi nikasema nitamfundisha, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwangalia. Kwa asili sungura huchagua pembe moja au mbili za kukojolea na kuzirudia kwa harufu. Kazi ya mwenye nyumba ni kupeleka choo pale alipokwisha kuchagua. Nukta zile za penseli nazo zilikuwa na maana yake: vigololi vilivyotawanyika ni namna ya kusema hapa ni pangu. Mgeni katika nyumba ngeni anaandika jina lake kila mahali.

Tukaanza upya. Lundo la vipande nikalitia kwenye gunia na kuliinua juu ya kabati, maana ukiacha godoro sakafuni usilaumu anayelilalia. Kisha tukampunguzia chumba. Mama mboga wa pale chini alinipa kreti nne za mbao za kubebea nyanya, tukazipanga kwa ubavu kuzungushia ile kona ya ubao wa pasi, kama mita mbili kwa moja na nusu. Jirani alipopita akasema sasa kifungo kimeanza rasmi. Lakini ua mdogo si adhabu. Nyumba kubwa inamchanganya sungura mchanga, na kabla ya miezi minne hivi kibofu na akili bado havijaelewana vizuri; akibanwa akiwa mbali na choo, hafiki.

Choo chenyewe nilikitengeneza kwa nusu ya mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20, ule wa njano, uliopasuliwa kwa urefu kama wanavyopasua watu kutengeneza vihori vya kuku. Makali ya plastiki yangemkata, kwa hiyo nikayafunika kwa utepe wa kitambaa, nikashona kwa mkono, mshono wa kupendeza kabisa. Akautafuna wote kwa siku mbili. Nikayalainisha makali kwa moto wa mshumaa, tukasahau urembo.

Ndani nikaweka karatasi moja iliyolowa mkojo wake, makusudi, pamoja na vigololi vichache. Hili linawashinda wengi: unataka choo kisafi, yeye anataka choo kinachonukia choo. Halafu kwenye ncha moja ya mtungi nikashindilia nyasi kavu za kula, boma rhodes, rundo kubwa. Watu waliniuliza, unamwekea mtu chakula chooni? Ndiyo. Sungura hula na kujisaidia kwa wakati mmoja, mbele kunaingia, nyuma kunatoka. Akisimama chooni ndipo aifikie sahani yake, atasimama chooni muda mrefu.

Jioni ya kwanza tulikaa sakafuni, mimi na binti, taa tumezima tumeacha ile ya mashine tu. Akazunguka ua. Akanusa mtungi. Akatia miguu ya mbele, akavuta ujani mmoja, akautafuna kuanzia ncha hadi mwisho kama mtu anayekula spageti. Akaingia mwili mzima. Akageuka mara mbili. Kisha kutafuna kukasimama. Masikio yakalala nyuma kidogo, macho yakalegea, mkia ukanyanyuka, na tukasikia sauti ndogo ya maji kwenye karatasi. Binti akanibana mkono kwa kucha. Nilikuwa nimemwekea jani la giligilani mfukoni kwa ajili ya dakika hiyo. Nikampa pale pale. Ukichelewesha zawadi mpaka ukalitafute jikoni, anadhani anashukuriwa kwa kitu kingine.

Siku tatu zilizofuata alikosea mara mbili. Kila akikosea tulifuta mkojo kwa karatasi, karatasi tukaitia kwenye mtungi, na pale sakafuni tukapitisha siki nyeupe. Siki inayeyusha ule unga wa kalsiamu na kuvunja harufu. Hata kitambaa cha sketi kilitoka alama, ingawa mita zile tatu sikuthubutu kumshonea mtoto wa mtu. Kabla ya kuijua siki nilikuwa nimejaribu maji ya klorini, yale ya kutoa madoa. Usijaribu. Klorini na mkojo vikikutana vinatoa mvuke unaochoma koo na macho. Nilifungua madirisha yote, nikakaa kwenye ngazi nakohoa, na mlinzi akapanda kuuliza kama kuna moto.

Kuhusu cha kutandika, hapo kila mtu ana yake. Nilianza na magazeti: yanafaa, ila yanalowa haraka na miguu yake ikabaki na rangi ya wino. Nikaenda kwa mafundi wa mbao kuomba maranda, wakanipa gunia bure. Harufu yake tamu, kama jeneza jipya. Siku ya pili Kifungo akaanza kupiga chafya. Mbao nyingi za huku kwetu ni msonobari na saipresi kutoka upande wa Elburgon na Molo, na ile harufu tunayoipenda ni mafuta ambayo, mbao isipokaushwa kwa joto, yanasumbua mapafu na ini la sungura. Ongeza vumbi. Sungura hupumua kwa pua tu, hana ile ruhusa yetu ya kufungua mdomo. Na mji wenyewe huu, watu husema jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Januari jioni upepo ukivuma utaamini. Sikuona sababu ya kumwongezea.

Tuliishia kwenye mabua ya ngano. Njoro na Mau Narok ngano ni ya kumwaga, na baada ya mavuno mabua si ghali. Nayakatakata kwa mkasi wangu wa zamani (wa vitambaa haruhusiwi mtu kuugusa), naweka gazeti chini, mabua juu, nyasi za kula kwenye ncha yake. Kila asubuhi natoa kona iliyolowa, kila siku ya tatu naosha mtungi kwa siki na kubakiza kiganja cha mabua ya zamani ili asipotee.

Usiku mmoja binti akaja chumbani kwangu analia. Kifungo anakula mavi. Nikaenda na simu nikimulika. Alikuwa ameinama, kichwa kati ya miguu ya nyuma, anachukua kitu moja kwa moja kabla hakijagusa sakafu na kumeza. Kile si kinyesi cha kawaida. Ni kingine, laini, kinachong'aa, kimeshikana kama kishada cha zabibu ndogo sana, kinachotoka kwenye ule mfuko wa utumbo ambamo nyasi huchachushwa na bakteria. Kimejaa vitamini za kundi B na protini ambazo mara ya kwanza hazikuvunwa. Nilimweleza mtoto hivi: ng'ombe hucheua kupitia mdomoni, sungura naye hucheua, ila amechukua barabara ndefu. Akatulia. Akauliza kama lazima tumwambie shosho, bibi yake. Tukakubaliana hapana.

Hili lina maana pia kwa choo. Ukikuta vishada hivyo vimesambaa havijaliwa, choo hakina kosa, angalia sahani. Mara nyingi anapewa vitamu vingi kuliko nyasi. Sisi ilitutokea wiki ya maembe.

Na ukikuta mkojo mwekundu usikimbie kwanza. Mimi nilikimbia. Nilimfunga kwenye kikapu nikapanda boda hadi kwa daktari wa mifugo, aliyeniuliza swali moja: alikula nini? Majani ya karoti na ya biti kutoka Wakulima Market. Rangi za mimea hupita kwenye mkojo, unaweza kuwa wa chungwa hata wekundu wa kutu, na sungura hana tatizo lolote. Wa kuogopesha ni mkojo wenye mabonge ya damu, au sungura anayekaa chooni anajikaza na hakitoki kitu, au aliyeacha kula. Sungura asiyekula siku nzima tayari ni mgonjwa wa dharura.

Kufikia Juni alikuwa amekua, mwili wake unajaza mtungi. Tukaanza kukuta mkojo nje, sentimita mbili kutoka ukingoni, kila siku. Binti akasema amesahau. Tukakaa tena sakafuni kuangalia, maana tulikwisha jifunza. Hakusahau chochote. Aliingia chooni vizuri sana, akageuka, akarudi nyuma mpaka makalio yakaning'inia nje ya mtungi, akakojoa sakafuni kwa dhamiri safi kabisa. Miguu minne ilikuwa ndani. Kwa hesabu yake, yuko chooni. Nikanunua beseni kubwa la kufulia, lenye kuta ndefu, nikakata mlango upande mmoja kwa kisu cha moto. Kesi ikaisha siku hiyo hiyo.

Tukaanza kusogeza kreti. Hatua moja kila wiki, akikosea tunarudi nyuma hatua moja. Mwisho wa Julai alikuwa na chumba kizima na beseni mbili, moja kwenye kona yake, nyingine pale lilipokuwa lundo la vipande, kwa sababu ramani ilisema vyoo viwili.

Halafu Agosti. Alikuwa na miezi sita, na aliamka mtu mwingine. Akawa ananizunguka miguuni huku ananguruma kwa sauti ndogo kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Akawa anarusha mkojo pembeni, kwa mwendo, kama mtu anayemwagilia maua, ukutani, kwenye soksi za mtoto, kwenye begi la mteja mmoja ambaye nashukuru alikuwa na moyo mkubwa. Ua, beseni, mabua, vyote vilikuwepo, na havikumwambia kitu. Kufikia hapo si suala la mafunzo tena, ni balehe. Jirani akaanza kulalamikia harufu kwenye korido, na safari hii hakufanya utani.

Daktari yule wa mifugo, ambaye siku nyingi yuko na ng'ombe na mbwa lakini alikuwa amewahi kuwapasua sungura, ndiye aliyemhasi. Alinisisitizia nisimnyime chakula: mbwa huzuiwa kula kabla ya upasuaji wasije wakatapika wakiwa usingizini, sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa bila kazi ndilo linalomuua. Asubuhi hiyo alikula kama kawaida. Gharama sitaitaja, baba alisema kwa pesa hizo angeniuzia sungura watano na kibanda, na kwamba nimemharibu dume zuri. Harufu na kurusha mkojo havikuisha kesho yake, homoni huchukua wiki kadhaa kushuka. Kufikia katikati ya Oktoba alikuwa amerudi kwenye beseni zake, na hata zile nukta za penseli zikakaribia kwisha. Kwa jike ningefanya hivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi, kwa sababu majike wasiotolewa kizazi hupata sana saratani ya kizazi wakizeeka.

Desemba baba alikuja kututembelea, mara ya kwanza tangu ile katoni ya unga. Nikampa kiti cha karibu na dirisha, chai, na mandazi. Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi. Kifungo akatoka, akapita mbele ya viatu vya baba bila salamu, akazunguka meza, akarudi, akaingia kwenye beseni lake mbele ya macho yetu sote. Akavuta ujani. Akageuka mara mbili. Masikio yakalala, mkia ukanyanyuka.

Baba akaweka kikombe chini. Binti yangu aliacha kupumua, akisubiri guka aseme.

"Anatoa kiasi gani kwa siku?" baba akauliza.

"Mkojo? Sijawahi kupima, baba."

"Na mnaumwaga wapi?"

Nikamweleza kwamba yule mama wa mlango wa pili ana magunia ya sukuma juu ya paa, na kila Jumamosi huja na ndoo kuchukua mabua yaliyolowa, na kwamba sukuma yake sasa ina majani mapana kama feni.

Baba akamtazama Kifungo, akanitazama mimi, kwa macho yale aliyonitazama siku nilipouza mbuzi wake kwa bei ya jogoo.

"Bure?" akasema.